Kumsifu Franco, Kumpenda Tabu Ley

Wanamuziki waliokwisha kutambuliwa kuwa magwiji hawapendwi kwa kiwango kimoja na wote wanaowatambua hivyo, na tofauti hiyo, ambayo kwa kawaida huachiwa vijiweni kama jambo la utani, ina sababu zinazoweza kuchunguzwa. Ni mahali pachache Afrika Mashariki ambapo sababu hizo zinaonekana waziwazi kama kusini-magharibi mwa Uganda, katika Mbarara, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Julai 2020, na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoko wilaya ya Isingiro, karibu na mpaka wa Tanzania. Makazi hayo, yaliyoanza mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika, na humo wanaishi Wakongo, ambao ndio wengi zaidi, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, wakipakana na wenyeji Wanyankole. Kwa kuwa Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kusafiri ndani ya nchi, muziki nao husafiri, na wimbo uliopakiwa kwenye memori kadi asubuhi huko Mbarara waweza kusikika Base Camp, kitovu cha makazi hayo, kabla ya jua kutua.

Mfano wa kuanzia ni rumba ya Kongo, muziki wa dansi uliokua Kinshasa (wakati huo Léopoldville) na Brazzaville tangu miaka ya 1940 kwa kuchanganya midundo ya wenyeji na ile ya santuri zilizotoka Cuba, na ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwezi Desemba 2021. Wajuzi wake huugawa katika shule mbili, yaani njia mbili za kupiga zilizorithishwa kutoka bendi hadi bendi. Ya kwanza ilianzia kwa African Jazz ya Joseph Kabasele, aliyeitwa Grand Kallé, bendi iliyorekodi "Indépendance Cha Cha" mjini Brussels mwaka 1960, na humo ndimo walimotokea mpiga gitaa Nico Kasanda na mwimbaji Tabu Ley Rochereau, ambao mwaka 1963 waliunda African Fiesta. Ya pili ni ya OK Jazz, iliyoundwa mwaka 1956 na baadaye kuongozwa na François Luambo Makiadi, maarufu kwa jina la Franco, hadi alipofariki nchini Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989. Shule ya kwanza husifiwa kwa ulaini wa sauti na usafi wa mpangilio; ya pili kwa uzito wa mdundo na ukaribu wake na ngoma za vijijini.

Ili kuelewa kwa nini watu wawili wenye masikio mazima wanaweza kuachana hapa, inafaa kuusogelea wimbo wenyewe. Rumba huwa na sehemu mbili: ya kwanza ya taratibu, ambamo mashairi huimbwa, na ya pili iitwayo sebene, ambamo waimbaji huwapisha wapiga magitaa na watu wakainuka kucheza. Katika sebene, Franco alizivuta nyuzi mbili kwa pamoja kwa kidole gumba na cha shahada, hata gitaa moja likasikika kama mawili yanayojibizana, kisha akalishikilia fungu hilo fupi la noti kwa dakika kadhaa, akilibadilisha kidogo kidogo tu, kiasi kwamba msikilizaji asiye makini hudhani halibadiliki kabisa. Kwa anayempenda Franco, urudiaji huo ndio utamu wenyewe, maana mwili huzama katika mdundo na sikio likabaki huru kuyafuata mageuzi madogo. Kwa asiyempenda, hiyo ni subira isiyo na malipo, na anachokitafuta ni ile sauti nyembamba ya Tabu Ley inayopanda, ikakaa juu kwa muda, halafu ikashuka kwa upole, sauti iliyomfikisha kwenye ukumbi wa Olympia wa Paris mwaka 1970. Wote wawili wanausikia wimbo sawasawa. Kinachowatenganisha ni kile ambacho kila mmoja anakisubiri ndani yake.

Mwanafalsafa wa Scotland David Hume, katika insha yake kuhusu kipimo cha ladha iliyochapishwa mwaka 1757, alikumbusha kisa kutoka riwaya ya Don Quixote cha watu wawili walioonja divai ya pipa moja, mmoja akasema ina ladha ya ngozi na mwingine akasema ina ladha ya chuma, wakachekwa wote wawili mpaka pipa lilipomalizika na kukutwa chini yake ufunguo uliofungwa kwa ukanda wa ngozi. Hume alikitumia kisa hicho kutetea wajuzi, lakini kinafaa pia kuonyesha kwamba hukumu mbili zinazopingana zinaweza kuwa sahihi zote, kila moja imegusa kitu kilichomo kweli. Kwa hiyo msemo kwamba ladha haibishaniwi ni wa kivivu. Ladha inabishaniwa, tena kwa faida, ilimradi wabishani waeleze walichokisikia badala ya kutaja majina na kupandisha sauti.

Hata hivyo ipo tofauti kati ya kumsifu mwanamuziki na kumpenda, na mabishano mengi huharibika kwa kuichanganya. Mtu anaweza kukubali kwamba Franco alikuwa na mkono usio na mfano, kwamba alijua kuendesha bendi ya watu wengi kwa miongo mitatu, na kwamba wimbo wake wa "Mario" wa mwaka 1985, unaosimulia kijana anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri, ni kazi ya msimulizi hodari, na bado asitamani kuusikia tena. Kusifu hutegemea vipimo vinavyoweza kuonyeshwa kwa mwingine. Kupenda kunadai zaidi ya hapo, na sehemu kubwa ya hayo ya ziada haimo ndani ya wimbo bali ndani ya maisha ya msikilizaji.

Umri ni sehemu ya kwanza ya maisha hayo. Watafiti wa Marekani Morris Holbrook na Robert Schindler, katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 1989, waliwasikilizisha watu wa rika mbalimbali vipande vya nyimbo zilizovuma katika miaka tofauti, wakaona kwamba kila mmoja alielekea kuzipenda zaidi nyimbo zilizovuma alipokuwa na umri wa miaka 24 hivi. Wakongo wa Nakivale wanalipa jambo hilo uzito ambao watafiti hao hawakuwa nao akilini. Mwaka 1997 bendi ya Wenge Musica, iliyokuwa imewateka vijana wa Kinshasa, iligawanyika, JB Mpiana akabaki na Wenge BCBG na Werrason akaanzisha Wenge Musica Maison Mère, na mji mzima ukagawanyika nao. Lakini kijana aliyekuwa Uvira, Bukavu au Goma, miji ya Kivu, wakati huo alikuwa ameingiliwa na vita vilivyoanza mashariki mwishoni mwa mwaka 1996 na kumwondoa Rais Mobutu madarakani mwezi Mei 1997. Ugomvi wa Wenge, ambao kwa mtu wa Kinshasa wa rika hilo ni kumbukumbu ya ujana na starehe, kwa mtu wa Kivu unaweza kuwa sauti iliyokuwa ikitoka redioni wakati watu wanafunga mizigo. Hakuna ustadi wa Werrason unaoweza kuliondoa hilo, wala si haki kumdai msikilizaji aliondoe.

Lugha nayo inaongeza mkunjo mwingine. Rumba kubwa imeimbwa kwa Kilingala, ambacho kwa ulimwengu mzima ni lugha ya mapenzi na dansi, lakini mashariki mwa Kongo, ambako watu wengi huongea Kiswahili, Kilingala kilifika pia kama lugha ya jeshi, tangu enzi za Force Publique, jeshi la wakoloni Wabelgiji, na kikaendelea hivyo chini ya Mobutu. Msikilizaji wa huko anaweza kuvutwa na gitaa na wakati huo huo akasikia katika maneno lugha ya amri za kizuizini. Ndiyo maana wanamuziki kama Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu na kufanya makazi Dar es Salaam, au Samba Mapangala, aliyeiongoza Orchestra Virunga mjini Nairobi, wana nafasi ya pekee kwa watu waliokulia katika Kiswahili: magitaa ni yale yale ya Kongo, maneno yanaeleweka bila mkalimani.

Siasa za wanamuziki wenyewe, kinyume na inavyodhaniwa, haziwatenganishi mashabiki vizuri sana. Wanaomkataa Franco kwa sababu alimwimbia Mobutu kampeni mwaka 1984, na kwa sababu kifo chake kilitangaziwa siku nne za maombolezo ya taifa, hawana budi kukumbuka kwamba Mobutu huyo huyo aliwatawala wanamuziki wote, kwamba Franco aliwahi kutiwa gerezani mwaka 1978 kwa nyimbo zilizohesabiwa kuwa chafu, na kwamba Tabu Ley baadaye alishika vyeo vya kisiasa, ukiwemo unaibu gavana wa Kinshasa. Anayetaka gwiji asiyeguswa na dola atabaki na wachache wa kusikiliza.

Iko hali moja, hata hivyo, ambamo sifa na upendo vinaachana kwa namna isiyoweza kuchukuliwa kirahisi. Simon Bikindi alikuwa miongoni mwa watunzi mahiri wa Rwanda, na ustadi wake wa kuunganisha ngoma za jadi na tungo mpya ulikubaliwa hata na wasiompenda. Nyimbo zake zilirushwa na redio ya RTLM wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na mwaka 2008 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao Arusha, ilimhukumu kifungo cha miaka 15 kwa kuchochea mauaji kwa maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti akiwa barabarani, si kwa tungo zenyewe. Nakivale imepokea Wanyarwanda waliokimbia mwaka 1959 na wengine waliokimbia baada ya 1994, watu ambao historia zao hazifanani hata kidogo, na miongoni mwao swali la uzuri wa melodia ya Bikindi haliulizwi kama linavyoulizwa darasani. Kwa upande mwingine Cécile Kayirebwa, aliyeondoka Rwanda mwaka 1973 na kuishi Ubelgiji, aliziimba nyimbo za mtindo wa zamani kwa namna iliyowafaa hasa walioikumbuka nchi kutoka mbali, na upole wa sauti yake, ambao kijana wa leo anaweza kuuona kuwa wa kusinzisha, ulikuwa kwao ndio thamani yake.

Hapo panaonekana pia undugu usiotarajiwa kati ya wakimbizi na wenyeji. Wanyankole wana ngoma iitwayo ekitaguriro, ambamo wachezaji huinua mikono juu na kuipinda mithili ya pembe ndefu za ng'ombe wa Ankole, huku miguu ikikanyaga ardhi kwa nguvu na nyimbo zikiisifu mifugo. Wachezaji wa kike wa Rwanda nao huinua mikono vivyo hivyo, na Wanyamulenge waliotoka milima ya Kivu ya Kusini wana historia ya ufugaji inayokaribiana na hiyo. Mzee wa jamii hizo akiisikia ekitaguriro kwenye arusi ya jirani anaweza kuwa nyumbani zaidi kuliko akisikia rumba, ingawa rumba ndiyo inayoitwa muziki wa nchi alikotoka. Mbarara nayo imepata sauti yake ya kisasa kwa mwimbaji Ray G, anayeimba kwa Kinyankole, na mashabiki wake wanapomtaja mbele ya nyota wa Kampala wanatetea, pamoja na nyimbo, haki ya lugha yao kusikika kwenye spika kubwa.

Kisha lipo sikio lenyewe kama kiungo kilichofunzwa. Muziki wa Ethiopia na Eritrea hujengwa juu ya ngazi za sauti tano, tofauti na ngazi ya sauti saba ya rumba na ya nyimbo nyingi za kanisani, na una mikondo minne mikuu, yaani tizita, bati, ambassel na anchihoye, kila mmoja ukiwa na rangi yake ya huzuni au furaha. Tilahun Gessesse, aliyefariki mwaka 2009 na kuzikwa kwa heshima za kitaifa, aliimba kwa mtetemo wa koo ambao Mhabeshi huusikia kama kilele cha hisia na ambao Mrundi au Mkongo, akiusikia mara ya kwanza, anaweza kuudhania kasoro. Ndivyo ilivyo kwa Magool, malkia wa uimbaji wa Kisomali aliyefariki mwaka 2004, na kwa udi ambao Wasomali huuita kaban. Mwaka 2016 timu ya mtafiti Josh McDermott ilionyesha kwamba Watsimane, watu wa msituni Bolivia wasio na mazoea ya muziki wa Ulaya, hawaoni tofauti ya utamu kati ya sauti ambazo Wazungu huziita zinazopatana na zile ambazo huziita zinazogongana. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara kwa mara kunatosha kukifanya kipendeke zaidi. Basi Mkongo anayepanga chumba ukuta kwa ukuta na Mwethiopia anapata mafunzo ya sikio bila kujiandikisha popote, akitaka asitake.

Mfano mgumu zaidi ni kadongo kamu, mtindo wa Kiganda wa gitaa moja na hadithi ndefu, ambao Paul Kafeero, aliyefariki mwaka 2007, aliufikisha mahali pa juu sana. Asiyejua Kiganda husikia gitaa linalojirudia na mtu anayesema upesi. Anayekijua husikia kejeli, methali na wosia, akacheka na kulia ndani ya wimbo mmoja. Huyo wa kwanza anaweza kuarifiwa kwamba Kafeero ni gwiji, akaamini, asinufaike na imani hiyo.

Waliokwisha kuziacha zile ziitwazo nyimbo za dunia huonekana kuwa nje ya mabishano haya, nao ni wengi Nakivale, ambako kwaya za makanisa ni sehemu ya maisha ya kila juma. Ukweli ni kwamba huyahamishia ndani. Rose Muhando wa Tanzania, mwenye sauti nzito yenye mikwaruzo na midundo inayodai mwili ujibu, na Ambassadors of Christ, kwaya ya Waadventista ya Kigali iliyofahamika mbali kwa wimbo wa "Kwetu Pazuri" na kwa sauti nne zilizopangwa bila kukosea, wanatenganishwa na jambo lile lile lililomtenganisha Franco na Tabu Ley. Anayesema Muhando anapiga kelele na anayesema kwaya hiyo imepoa mno wangeweza, katika maisha yao ya zamani, kuwa wamekaa meza mbili tofauti za baa moja. Mtu akiokoka, sikio lake huja naye.

Si kila upande unaoshikiliwa, bila shaka, umetokana na sikio. Waswahili wana mazoea ya zamani ya kugawana katika kambi, tangu vikundi vya ngoma ya beni vya Marini na Arinoti wakati wa ukoloni, hadi ushindani wa Mlimani Park, maarufu kama Sikinde, na Msondo Ngoma jijini Dar es Salaam, hadi Timu Kiba na Timu Diamond za miaka ya karibuni, na Uganda ilikuwa na kambi zake za wanamuziki Jose Chameleone, Bebe Cool na Bobi Wine kabla huyu wa mwisho hajaingia bungeni mwaka 2017. Wakongo nao wanao Fally Ipupa na Ferre Gola, waimbaji wawili wa rika moja, mmoja aliyekulia katika Quartier Latin ya Koffi Olomidé na mwingine aliyejulikana katika Maison Mère ya Werrason kabla ya kupitia Quartier Latin pia, na uadui wa mashabiki wao umezidi kwa mbali tofauti ya nyimbo zao. Kuwa na upande ni starehe kamili yenyewe, inayompa mtu wenzake na mtu wa kumtania, na anayeingilia kati kwa kusema kwamba wote ni wazuri huwa amesema kweli na ameharibu mchezo.

Umaarufu nao hujilisha wenyewe. Mwaka 2006 watafiti Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha jaribio ambalo watu zaidi ya 14,000 walisikiliza nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, baadhi wakiwa peke yao na baadhi, wakiwa wamegawanywa katika makundi manane, wakionyeshwa ni wangapi katika kundi lao waliokwisha kuupakua kila wimbo. Nyimbo zilizokuwa bora kabisa hazikuanguka mara nyingi, na mbovu kabisa hazikupanda mara nyingi, lakini zile za katikati zilifika popote, namba moja katika kundi hili na chini sana katika lile. Maana yake ni kwamba ugwiji si udanganyifu mtupu, wala si haki tupu. Kati ya waimbaji hodari wa kizazi kimoja, nani atakuwa jina la bara na nani atabaki jina la mtaa ni jambo ambalo bahati ina mkono ndani yake, na asiyempenda aliyebahatika hapaswi kudhaniwa kuwa na wivu.

Vijana waliozaliwa Nakivale wanayapanga yote haya upya. Innoss'B, aliyezaliwa Goma mwaka 1997, mwaka 2019 alitoa toleo jipya la wimbo wake "Yope" akiwa na Diamond Platnumz, Kilingala na Kiswahili vikakaa katika wimbo mmoja, na kijana wa Juru au Rubondo, humo humo Nakivale, anayeucheza hahitaji kuchagua kati ya nchi ya wazazi wake na Bongo Fleva inayotoka kwenye kila spika ya kinyozi. Bado wapo wanaouhesabu kuwa wimbo wa Mkongo aliyemwalika mgeni, na wapo wanaoukumbuka kwa sehemu ya mgeni tu. Mzazi aliyekulia katika OK Jazz naye hunung'unika kwamba sebene imeisha kabla haijaanza, na manung'uniko hayo si ya uzee mtupu, kwa sababu Franco alirekodi kwa ajili ya santuri ndefu ambayo upande mmoja ulimpa nafasi ya dakika kumi na zaidi, ilhali mtunzi wa leo anatungia simu, na simu hummaliza msikilizaji wake subira kabla ya dakika ya nne.